Nani Aliyepeleka Habari Zako?

Mama mwuza unga wa Mokambo, mpakani mwa Kongo na Zambia, ana sifa zaidi ya moja. Wenye maghala wa Mufulira, upande wa Zambia, wanamjua kuwa mtu wa kulipa deni siku ileile aliyoahidi. Vijana wa baiskeli wanaomvushia magunia wanamjua kuwa mkono wa birika. Watu wa forodha wana lao juu yake, kanisani kwake wana lao, na majirani wanaonunua kwake unga wa bukari kwa kipimo nao wana lao. Hakuna daftari popote linalozijumlisha sifa hizo zikawa namba moja. Hata hivyo hazikai mbalimbali milele. Vijana wa baiskeli huvuka kila siku, na wanapovuka huvuka na maneno. Siku mwenye ghala atakaposikia kwamba mama huyu amewapunja wabebaji wake, ataanza kujiuliza zamu yake itafika lini, na mkopo wa wiki ijayo utakuwa mgumu.

Aliyekulia mji wa mpakani anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Watengenezaji wa michezo ya kompyuta wamelihangaikia kwa miaka arobaini, na wengi wao hawajalipata bado.

Nazungumzia michezo ya uhusika, ile ambayo mchezaji hupewa mtu mmoja wa kumwongoza, akamkuza, akamchagulia maneno ya kusema na mambo ya kutenda, kwa ahadi kwamba ulimwengu wa ndani ya mchezo utamjibu. Kwenye vibanda vya PlayStation vya Lubumbashi si michezo hiyo inayotawala. Huko ni mpira na bunduki, kwa sababu mchezo wa uhusika unataka saa hamsini na kibanda kinauza dakika. Ila vijana wenye kompyuta zao wanaicheza, tena kwa mapenzi makubwa, nayo inawapa somo ambalo hawakuliomba: jina la mtu ni nini, linatoka wapi, linaharibikaje. Somo hilo mara nyingi ni baya, na nadhani chanzo cha ubaya wake kinajulikana.

Tuanzie 1985, mwaka ambao Mmarekani Richard Garriott alitoa Ultima IV. Kabla yake, michezo ya aina hii ilikuwa kuingia pangoni, kuua, kuokota dhahabu, na mwishoni kumwua yule mwovu mkubwa. Garriott alimwondoa mwovu mkubwa. Kazi ya mchezaji ikawa kuwa mtu mwema, akipimwa kwa fadhila nane, kuanzia ukweli na huruma hadi unyenyekevu. Kuna tukio moja katika mchezo ule ambalo kila anayesomea ubunifu wa michezo angepaswa kulichunguza. Unaingia kwa mwuza viungo vya uganga, unachagua unachotaka, anakutajia bei. Mwuzaji ni kipofu. Mchezo unakuuliza utalipa sarafu ngapi, nawe unaandika namba kwa mkono wako. Ukiandika pungufu, biashara inakwisha na unaondoka na mali yako. Hakuna askari anayekufuata, hakuna kengele inayolia. Ndani ya kompyuta, mahali usipopaona, namba yako ya ukweli imeshuka. Utakuja kuhisi hasara baadaye, utakaposimama mbele ya mwaguzi Hawkwind katika ngome ya mfalme, ukamwuliza hali yako, akakujibu.

Angalia vizuri alichokipima Garriott. Kipofu hakuona. Hakuna jirani aliyesikia, hakuna mtoto aliyechungulia mlangoni. Kilichopimwa pale ni dhamiri, na daftari lililoandikwa ni daftari la Mungu. Katika daftari la namna hiyo namba ya siri inafaa kabisa, kwa sababu Mungu hahitaji kuambiwa na mtu.

Kosa lilikuja kwa walioiga. Walilichukua daftari la Mungu wakaliita sifa mbele za watu.

Katika Baldur's Gate, mchezo wa kampuni ya Kanada BioWare uliotoka 1998, kundi lako zima linabeba namba moja ya sifa, ya juu kabisa ikiwa 20. Namba ikipanda, wenye maduka wanakupunguzia bei; ikishuka, wanakupandishia, na mwishowe walinzi wanakushambulia. Ukimwua asiye na hatia porini pasipo shahidi, mwenye duka wa mji ambao hujawahi kuufikia anajua. Dawa yake iko hekaluni: unatoa dhahabu, namba inapanda. Jina la mtu limegeuzwa bidhaa ya dukani. Miaka kumi baadaye, katika Fallout 3 ya 2008, unaweza kuulipua kwa bomu la nyuklia mji mzima wa Megaton pamoja na wakazi wake, kisha ukarudishiwa wema wako tone kwa tone kwa kumgawia ombaomba chupa za maji safi. Ukiiba kikombe chumbani usiku wa manane peke yako, namba inashuka papo hapo. Dhamiri na jina vimemiminwa kwenye chungu kimoja, na ladha ya kila kimoja imepotea.

BioWare walirudi na Mass Effect mwaka 2007, safari hii na mizani mbili, ya uungwana na ya ukali. Maneno yenye nguvu zaidi katika mazungumzo yanafunguka kwa yule tu aliyelimbikiza alama za kutosha za upande mmoja. Matokeo yake ni kwamba mchezaji anaamua mwanzoni atakuwa mtu wa rangi gani, na baada ya hapo hachagui tena, anafuata rangi. John Ebenger, aliyekuwa mmoja wa watengenezaji wake, alisema mwaka 2020 kwamba takriban asilimia 92 ya wachezaji walifuata njia ya uungwana. Wapo waliofurahi wakasema binadamu ni mwema kumbe. Mimi naona sababu nyingine. Wema ule haukumgharimu mchezaji kitu. Mtu akiwekewa njia mbili, moja inamsifu na kumlipa, nyingine inamnunia, kwa nini asiifuate ya kwanza? Mama wa Mokambo akimkopesha jirani gunia, gunia limeondoka kweli. Wema wake una uzito wa kilo ishirini na tano. Mchezo ambao wema wake hauna kilo hata moja hauwezi kutuambia lolote kuhusu wachezaji wake.

Aliyepiga hatua kubwa kuliko wote ni Josh Sawyer na wenzake wa Obsidian, katika Fallout: New Vegas ya Oktoba 2010. Walifanya mambo mawili. Kwanza, kila jamii ya jangwani iliwekewa hesabu yake: kijiji cha Goodsprings yake, mji wa Novac yake, jeshi la jamhuri ya NCR yake, Legion ya Caesar yake. Pili, na hili ndilo la busara, kila hesabu ikawa na safu mbili, moja ya mazuri uliyowatendea na moja ya mabaya, na safu moja haifuti nyingine. Ukiwaokoa watu wa kijiji kisha ukawaibia, hawarudi kuwa kama hawakujui. Wanakuwa na yote mawili. Ndivyo tunavyosemana sisi: huyu bwana amenisomeshea mtoto, lakini shamba la ndugu yangu alilichukua yeye. Mtu anaweza kutamka sentensi hiyo miaka thelathini na nusu zake mbili zisimezane.

New Vegas ina jambo jingine ambalo Mkongo atalitambua haraka. Mchezaji akifika katikati ya hadithi, pale Las Vegas, wajumbe wa majeshi makubwa mawili wanamjia mmoja baada ya mwingine na kumtangazia kwamba mabaya yake yote dhidi yao yamesamehewa. Hajatubu wala hajalipa fidia. Wanamhitaji tu. Wakosoaji wengine waliona hiyo ni njia ya mkato ya watengenezaji. Sisi tulioona wapiganaji wakisamehewa na kupewa vyeo baada ya mapatano ya 2002 na 2003 tunajua kwamba hakuna sehemu ya mchezo ule iliyo ya kweli kuliko hiyo. Wakubwa husamehe kwa hesabu zao. Waliochomewa nyumba hawaulizwi, na katika New Vegas pia hawaulizwi: msamaha wa Caesar haubadilishi neno katika vijiji vidogo.

Ila hata New Vegas ina pengo, nalo ndilo kiini cha makala hii. Ukilikosea kundi mahali pamoja, kila mwanachama wake hadi ncha ya mwisho ya ramani anajua sekunde ileile. Hakuna aliyetembea, hakuna aliyesimulia. Jamii zimetenganishwa vizuri, lakini baina yao na ndani yao hakuna njia. Habari ipo au haipo, haisafiri.

Skyrim ya Novemba 2011 ilijaribu kuanzia upande wa shahidi. Nchi imegawanywa majimbo tisa, na kila jimbo lina faini yake juu ya kichwa chako, na kosa lisiloonwa na mtu haliandikwi. Hiyo ni nusu ya jibu sahihi. Lakini ukimwua shahidi wa mwisho, mchezo unakuandikia kwenye skrini kwamba mashahidi wameisha na faini imefutwa. Nimewahi kuwaona vijana wakilishangilia tangazo hilo kama bao. Linanisikitisha. Kijiji ambacho watu watano wamelala hai na kuamka maiti, na mgeni pekee aliyepitia hapo anasalimiwa asubuhi kama jana, hicho si kijiji. Sikio halilali njaa. Pasipo shahidi kuna mjane, kuna mbwa aliyebweka, kuna aliyekuona ukinawa mikono kisimani, na kuna hesabu rahisi ya kijiji chochote: ulipofika wewe, ndipo yalipoanza.

Mara chache mchezo umempa habari mdomo. Fallout 3 ileile niliyoilaumu ina mtangazaji wa redio, Three Dog, ambaye kati ya nyimbo anasimulia uliyoyafanya, akikusifu au kukulaani. Unatembea peke yako kwenye magofu ya Washington, redio iko mkononi, na unasikia matendo yako yakirudi na rangi ambayo wewe hukuyapaka. Unaweza hata kumwua mtangazaji. Fundi wake, Margaret, anashika kipaza sauti na matangazo yanaendelea. Ni wazo zuri mno, na lilipaswa kuwa uti wa mgongo wa mchezo mzima. Likaachwa kuwa pambo.

Wapoland wa CD Projekt waligundua kiungo kingine: muda. Katika The Witcher ya 2007 unawekwa usiku kulinda shehena ya mfanyabiashara ukingoni mwa maji. Waasi wanatokea kuichukua. Uwaachie, au upigane nao? Ukiwaachia, hakuna kinachotokea. Unaendelea na safari yako, saa zinapita, unaingia mjini, unafungua uchunguzi mwingine kabisa, na mtu uliyemhitaji unamkuta amekufa kwa mkono wa waasi walewale, kwa silaha zilizokuwa ndani ya shehena ile. Wachezaji wengi wana desturi ya kuhifadhi mchezo kabla ya kila uamuzi, waonje jibu moja, warudi nyuma, waonje la pili, wabaki na lililo tamu. Hapa desturi hiyo inavunjika. Kurudi kule ukingoni ni kupoteza usiku mzima wa kazi. Unabaki na ulichofanya.

Toby Fox katika Undertale ya 2015 alikwenda mbali zaidi. Ukimwua mwanamke aliyekulea mwanzoni mwa mchezo, ukajuta, ukarudi nyuma na kumwacha hai, kiumbe mmoja anakungoja njiani na kukuambia kwamba anajua ulichofanya kabla hujakifuta. Shahidi amewekwa mahali ambapo mchezaji aliamini hapana shahidi. Ila huko tumerudi kwenye daftari la Mungu, na kwa ustadi mkubwa. Mimi bado natafuta daftari la watu.

Kwetu Waafrika, mchezo unaouma zaidi katika habari hizi ni Far Cry 2, uliotengenezwa na Ubisoft ya Montreal chini ya Clint Hocking na kutoka Oktoba 2008. Nchi ni ya Kiafrika, haikupewa jina. Kuna majeshi mawili, UFLL na APR. Wewe ni mamluki mgonjwa wa malaria unayelipwa almasi ghafi, na unayafanyia kazi yote mawili kwa zamu. Leo jioni unatoka ofisini kwa kamanda wa UFLL na malipo mfukoni. Kesho asubuhi askari wa UFLL kwenye kizuizi cha barabarani wanakufyatulia risasi kabla gari halijasimama. Watengenezaji walikuwa na utetezi: kazi zako ni za siri, askari wa chini hawakujui. Utetezi huo unaeleweka, nami sitaki kuudharau, kwa sababu mchezo wenyewe umetengenezwa kwa ufundi na kwa moyo.

Lakini aliyewahi kupita kwenye kizuizi halisi, iwe Ituri, iwe Kivu, iwe huku Katanga katika miaka mibaya, anajua kinachotangulia pale. Yanatangulia maneno. Unatoka wapi? Nani amekutuma? Unamjua kamanda gani? Umebeba nini? Kila jibu ni jina, na kila jina ni sarafu inayoweza kukubalika au kukataliwa. Dereva mwenye uzoefu anajua jina la kutaja kwenye kizuizi hiki na jina la kulimeza, na anajua kwamba kwenye kizuizi kinachofuata mambo hugeuka. Kizuizi ni mahali pa maneno kabla hakijawa mahali pa risasi. Mchezo uliojaa vizuizi na majeshi na almasi uliipita hazina hiyo bila kuigusa.

Sababu ya kuipita haifichiki. Katika nchi ya Far Cry 2 karibu hakuna raia. Kuna mtandao wa siri unaokupa dawa ya malaria kwa sharti la kuwapelekea watu hati za kusafiria ili watoroke, na hao ndio karibu raia wote utakaowaona, wamejificha vyumbani. Hakuna mwuza samaki wala kondakta, hakuna mama mwenye mzigo kichwani. Ukiwaondoa hao umeondoa wanaobeba habari, na pasipo wabebaji wa habari askari hawana cha kufanya ila kupiga risasi. Ukosefu wa sifa katika mchezo ule ulitokana na ukosefu wa watu.

Upande wa pili wa dirisha upo Papers, Please, kazi ya mtu mmoja, Lucas Pope, ya mwaka 2013. Si mchezo wa uhusika kwa hesabu kali, lakini anayeishi karibu na mpaka asipoucheza amejinyima. Wewe ni afisa wa uhamiaji katika nchi ya kubuni, Arstotzka. Watu wanapanga foleni, unapokea hati, unalinganisha tarehe, picha na mihuri, unagonga muhuri wa kijani au mwekundu. Mwanamume mmoja anafika, hati zake safi, anapita, akakuomba umhurumie mkewe anayemfuata. Mke anafika hana kibali. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo. Yanayofuata yanakatwa kwenye mshahara, na jioni unaletewa orodha ya nyumbani: kodi, chakula, joto, dawa. Huruma yako imepimwa kwa sahani ya mwanao. Hapo Pope alifaulu pale ambapo kampuni zenye mamia ya wafanyakazi zilishindwa, kwa sababu aliupa wema bei.

Afisa wa Pope hajui majina ya watu, anajua karatasi. Karatasi ni sifa ya mtu asiyejulikana. Mokambo, kama mipaka yetu mingi, ina karatasi na kujuana kwenye dirisha moja. Kuna hati za Kongo za Kifaransa na hati za Zambia za Kiingereza, na kuna Kibemba, Kilamba na Kiswahili zinazosemwa huku hati zinafunguliwa. Malori ya shaba yanapita hapo kuelekea kusini. Raia wa Zambia wanaokwenda Luapula wanaingia Kongo pale Mokambo, wanasafiri takriban kilomita 70 katika ardhi yetu, na kutoka tena Chembe, kwenye daraja lililofunguliwa 2008. Wanavuka nchi ya kigeni ili wafike kwao. Mstari huo ulichorwa kwa mapatano ya 1894 kati ya Uingereza na Leopold II, na jamaa za watu zikabaki pande zote mbili. Mahali kama hapo jina na karatasi hukinzana kila saa: mwenye karatasi nzuri na jina baya, mwenye jina zuri asiye na karatasi. Sijaona mchezo hata mmoja uliozikutanisha mizani hizo mbili.

Historia ya Katanga ingeweza kuwafundisha watengenezaji. Msiri aliondoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 akifuata njia ya misafara ambayo baba yake Kalasa aliijua, akitafuta shaba. Aliwasaidia watemi wa huku kwa bunduki, akaoa katika jamaa nyingi, akajenga ufalme wa Garenganze na mji wake Bunkeya. Kwa wafanyabiashara wa magharibi, wa Bihé na Benguela, alikuwa mshirika wa pembe na shaba; kwa walioozesha mabinti zao alikuwa mkwe; kwa Basanga alikuwa mdhalimu, na mwaka 1891 waliasi. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya 1886 na kuchapisha kitabu chake juu ya Garenganze 1889. Kwa hiyo jina la Msiri lilifika Ulaya kwa njia ya wamisionari, na lilifika pwani kwa njia ya misafara, na halikuwa jina moja. Alfred Sharpe aliyetumwa na kampuni ya Rhodes aliondoka mikono mitupu mwaka 1890. Msafara wa Stairs ukafuata kwa niaba ya Leopold, na tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi. Mpaka leo, anayetaka kujua Msiri alikuwa mtu gani lazima kwanza aulize habari hiyo ilipitia mdomo wa nani.

Swali hilo ndilo ambalo michezo haiulizi. Mfumo wa sifa unaostahili jina lake hauanzi na alama. Unaanza na tendo, aliyeliona, mahali anapokwenda baada ya hapo, na anayezungumza naye akifika. Dereva wa lori anafikisha habari mbali na haraka, lakini aliona kidogo. Kijana wa baiskeli anaifikisha karibu, kila siku, kwa undani. Kwaya ya kanisa inaifikisha mara moja kwa wiki, ikiwa imekwisha kuhukumiwa. Simu inaifikisha papo hapo, ila kwa mwenye namba tu. Njiani habari inaongezwa chumvi, inapotea, inamgeukia mtu asiyehusika. Na hapo uchaguzi wa mchezaji unapata nyama: hafikirii tena kama atende jema au baya pekee, anafikiria kama ataiwahi habari yake kabla haijafika, amwombe nani anyamaze, amlipe nani aseme, aende mwenyewe akakiri kwa mwenye ghala kabla vijana wa baiskeli hawajavuka. Msamaha unaoombwa asubuhi na msamaha unaoombwa jioni, baada ya maneno kufika, haulingani. Hakuna mchezo mkubwa ninaoujua uliojengwa juu ya tofauti hiyo.

Nikiuliza kwa nini, najibiwa kwamba ni kazi nzito kwa kompyuta. Si kweli. Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, wanaotengeneza Dwarf Fortress tangu zamani, waliingiza ndani yake mwaka 2014 mfumo wa uvumi unaosafiri kutoka mtu hadi mtu, katika mchezo ambao wakati huo ulichorwa kwa herufi tupu. Uzito uko kwingine. Michezo mikubwa ya leo hurekodi sauti ya mwigizaji kwa kila sentensi. Kumfanya mwuza duka aseme maneno tofauti kwa aliyesikia ukweli, aliyesikia uongo na ambaye hajasikia, maana yake ni kumrudisha mwigizaji studio mara tatu, na kumlipa mara tatu. Kampuni inaangalia bajeti na kurudi kwenye namba moja.

Ndiyo maana naamini mfumo huu utatoka kwa wadogo. Mchezo wa maandishi hauna mwigizaji wa kulipwa. Unahitaji waandishi wanaojua jinsi watu wanavyosemana, na huko sisi hatujapungukiwa. Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, walichangisha pesa kwenye Kickstarter na kutoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan Aprili 2016, hadithi ya mwana wa mfalme Enzo na mkewe Erine waliopinduliwa na kulazimika kuzunguka wakitafuta washirika. Ni mchezo wa mapigano zaidi kuliko wa sifa, lakini walithibitisha kwamba mchezo wa uhusika unaweza kuandikwa, kuchorwa na kuuzwa duniani kutoka mji wa Kiafrika ambako umeme si wa kutegemea.

Basi nawaomba ninyi mnaosomea programu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na wenzenu wa Ndola na Kitwe: msianze na dola kubwa wala mazimwi. Anzeni na watu ishirini, kumi upande huu na kumi upande ule, mizani moja ya unga na kizuizi kimoja. Waandikeni kwa Kiswahili na Kibemba. Msiweke namba ya sifa kwenye skrini. Kabla hamjaandika silaha hata moja, andikeni kila mmoja wao anavuka siku gani, anasimama wapi njiani, na anapenda kuzungumza na nani.